A ya Ghanima

Nura alimwambia Maxime kwa mdomo wake mwenyewe, tena kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, ili kesho na keshokutwa asije akasema hakuelewa: hizi radio ni za baba yangu, nikimaliza kuzichora kwenye kompyuta zinarudi nyumbani Buyenzi. Maxime akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, huku kidole gumba kinatembea kwenye simu. Sasa mtu anayekujibu ndiyo tatu kwa pumzi moja, amekusikia wapi? Nura aliliona hilo, akalimeza, kwa sababu Maxime alikuwa patro wake, bosi wake ofisini, na kwa sababu siku ile alikuwa na furaha kupita kiasi.

Radio, kwa asiyejua mambo ya Bujumbura, si ile ya kusikilizia habari tu. Ni ile picha nyeusi ya kifua au mguu ambayo hospitali inakupiga, inakutilia kwenye bahasha kubwa, unarudi nayo nyumbani, inakaa juu ya kabati mpaka unasahau ulikuwa unaumwa nini. Plastiki yake ni ngumu na hainywi rangi. Mzee Mohamadi, baba yake Nura, aligundua zamani kwamba hakuna kitu kinachoishinda kwa kukatia herufi. Anailaza mezani, anachora herufi moja kubwa, anaitoboa kwa wembe, kisha anaiweka juu ya bati au ukuta na kupitisha brashi. Akiiondoa, herufi imebaki. Vibao vingi vya maduka ya Buyenzi vilitoka mkononi mwake, na milango ya malori, na ukuta wa kinyozi, na lile tangazo la kukataza watu kukojoa nyuma ya shule.

Na zilikuwa nene, herufi hizo! Radio ukiikata kwa mapambo na mikunjomikunjo inachanika, na mstari ukiwa mwembamba rangi inapenya chini na kuchafua kazi. Kwa hiyo Mzee Mohamadi alifanya kazi na rula, kisahani cha chai na kona ya kiberiti, basi. Kila herufi ilikuwa mraba, au duara, au pembe tatu, au vyote vimebebana. O yake ilikuwa kisahani chenyewe na tundu dogo katikati. S yake ilikuwa visahani viwili nusunusu vimegeuziana mgongo. Uliisoma kazi yake ukiwa ng'ambo ya barabara, pikipiki zinapita katikati, na miwani umeisahau nyumbani.

Lakini alikuwa na sharti lake. Radio ya marehemu hakuikata hata ungemlilia. Aliyepona ndiye aliyemletea, tena kwa bashasha: "Muzee, mi nimepona, nifanye herufi!" R ilikuwa bega la Mama Lubna, jirani wa ukuta kwa ukuta, alilolivunja alipoteleza bafuni. M ilikuwa mapafu ya Sleiman, muuza vitenge, aliyeshinda ugonjwa wa kifua na kuacha sigara kwa muda wa kutosha kujisifu. Watu walipita mbele ya kibao kipya wakanyoosha kidole, "Mimi huyo hapo, wa pili kutoka kushoto," na mzee akafurahi pamoja nao.

A ilikuwa ya mkewe, Ghanima. Alikohoa masika yote, akapigwa radio, akapewa dawa, akapona kabisa na kunenepa juu yake. Akaileta radio mwenyewe, akaiweka mezani mbele ya mumewe. "Mimi nikate A," alisema. "A haikosi kazi." Wakacheka mpaka Nura, aliyekuwa bado anavaa sare ya shule, akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Na kweli, duka gani Bujumbura lisilo na A? Ghanima akawa anaonekana kila mtaa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alipofariki alifariki kwa maradhi mengine kabisa. A yake ikaendelea na kazi. Kufikia wakati huo usingejua tena kama ni radio: rangi ilikuwa imeganda juu yake tabaka kwa tabaka, nyekundu juu ya kijani juu ya buluu, hakuna ubavu, hakuna pafu, hakuna jina. Ilikuwa ganda gumu la rangi lenye tundu la A.

Hizo ndizo radio ambazo Nura alizibeba chini ya kwapa akazipeleka ofisini.

Ofisi ilikuwa ajansi ya matangazo, mjini kati, na Nura alikuwa mchoraji wake. Mwanzoni Maxime alizicheka. "Hizi herufi za malori, sha, rafiki yangu?" Lakini kampuni moja mpya ya simu ilikuwa inataka herufi zake yenyewe, nzito, zinazoonekana kutoka mbali, zisizofanana na za mtu, na Maxime alikuwa ameipelekea michoro mitatu ikarudishwa yote. Nura akaweka mezani R ya Mama Lubna. Watu wa kampuni wakaisogelea, na mmoja akauliza, hii mumeitoa wapi?

Ikawa kazi ya miezi. Nura alipima kila herufi, akaichora upya kwenye kompyuta, akalinganisha unene, akasogeza nafasi kati ya hii na ile mpaka neno zima lisimame bila kuyumba. Herufi ambazo baba yake hakuwahi kuzihitaji, Q na X na wenzao, alizibuni mwenyewe, kisahani cha chai kikiwa kando ya kompyuta. Maxime akaipa fonti jina, Buja Gras, maana Wafaransa herufi nene huiita gras, na Nura hakubisha. Jina lilikuwa jambo dogo kwake. Alichokitaka ni siku moja baba yake apite barabarani aone mkono wake umekuwa mkubwa kuliko nyumba.

Na aliuona. Afishi ya kwanza, bango kubwa la barabarani, ilipopandishwa mtaa wa Ngagara, Mzee Mohamadi alivaa viatu akaenda kuitazama, akasimama chini yake mpaka wauza maji wakaanza kumwuliza kama amepotea. Akarudi nyumbani anatabasamu peke yake.

"Mama yako amefika Ngagara," alimwambia Nura.

Wiki iliyofuata mama amefika Kanyosha. Baadaye kidogo Mama Lubna akaleta habari kuwa mama ameonekana Carama, amekaa vizuri tu kando ya mashamba. Nyumbani kulikuwa na furaha, lakini furaha yenye mguu mmoja, kwa sababu radio zenyewe zilikuwa hazijarudi. Wateja walikuja, mzee akawaambia subirini. Alijaribu kukata nyingine, mikono ikamtetemeka, wembe ukaenda upande. Kila Nura alipouliza, Maxime alimjibu kesho. Ziko salama. Ziko na Bella wa ofisini. Tuna mpango nazo mzuri sana, utaona, itakuwa sipraizi.

Sipraizi! Neno hilo Nura alikuja kulichukia mpaka kwenye mifupa.

Sherehe ya kuitambulisha Buja Gras ilifanywa Jumamosi, katika ukumbi wa hoteli moja karibu na ziwa. "Baba yako aje," Maxime alisema. "Tutamuheshimu mbele ya watu wote." Mzee Mohamadi akapiga pasi kanzu yake nyeupe, akaazima koti la Sleiman, akasema ataswali Alasiri kwanza, kisha achukue teksi. Nura akatangulia, kilemba cha hariri ya kijani kichwani, ili ahakikishe baba yake amewekewa kiti cha mbele na si kule nyuma karibu na jiko.

Alikuwa bado mlangoni simu ilipolia. Mama Lubna.

"Nura, bega yangu iko inafanya nini kwenye WhatsApp?"

"Bega gani, mama?"

"Bega yangu! Mutoto wa dada yangu ameweka kwenye status, ati yuko kwenye sherehe, nyuma yake kuna bega imewashwa taa kama ya duka. Mi najua mufupa wangu." Kisha sauti ikashuka. "Mi nitacheka hiyo, si kitu. Lakini mwanangu, pembeni kuna ingine. Imeandikwa jina la mama yako. Ingia uangalie, haraka, mbele ya baba yako kufika."

Nura akaingia.

Ukuta mzima wa mbele, juu ya jukwaa, ulikuwa umejaa masanduku ya vioo, taa nyeupe ndani, na katika kila sanduku radio moja. Mwanzoni hakuzitambua. Zilikuwa safi! Rangi ya miaka yote ile haikuwepo, hata chembe. Mapafu ya Sleiman yalikuwa yanaelea pale, meusi, M imetobolewa katikati yake na kuwaka kama dirisha. Bega la Mama Lubna, na ufa wake. Na katikati ya ukuta, sanduku kubwa kuliko yote, mahali pa heshima, A.

Mbavu za mama yake. Upande huu wa A na upande huu, mbavu moja moja, unaweza kuzihesabu. Na juu ya mbavu kile kivuli laini cha mviringo, huku na huku, ambacho mwanamke yeyote aliyewahi kupigwa radio ya kifua anakijua, na mwanamume yeyote mwenye adabu hugeuza macho. Na kwenye kona ya juu, kwa maandishi meupe ya hospitali, jina kamili la Ghanima na umri wake.

Mbele ya sanduku hilo kijana mmoja wa suti ya buluu alikuwa ameweka kiganja juu ya kioo, pale pale kifuani. Alikuwa ameinamisha sikio, anajifanya daktari.

"Vuta pumzi, mama!" akasema.

Wenzake wakacheka na kumpiga picha.

Wallahi, kama Nura angekuwa na kitu mkononi, kile kichwa kingepasuka. Alimsukuma kwa mabega yote mawili, na yule kijana akamwaga juisi kwenye suti yake. "Toa mkono wako!" Nura alipiga kelele. "Toa mkono wako kwa mama yangu!" Kijana akatazama sanduku, akamtazama Nura, akacheka kidogo kwa kutojua, kama mtu aliyeingia msibani akidhani ni harusi. Ndipo Maxime akaja mbio, tai imelegea, uso umejaa furaha ya mwenye sherehe.

"Nura! Umeona? Nilikuambia itakuwa sipraizi!"

"Nani alizisafisha?"

"Bella na timu yake. Walitumia esansi, ile ya gari, na sponji, siku chungu nzima. Rangi ilikuwa imeziba yote, ungesema ni uchafu wa sakafu. Kumbe chini yake kuna hii!" Akaelekeza mikono miwili ukutani. "Mi mwenyewe nilitaka kulia. Hii ni sanaa, Nura."

"Ile rangi ilikuwa nguo yake."

"Nguo ya nani?"

"Huyu ni mama yangu, Maxime. Marehemu mama yangu. Umemvua nguo, umemtundika ukutani, umemwashia taa, halafu umealika watu na juisi."

Maxime akapepesa macho. Kwa muda kidogo ilionekana kama neno limempata. Kisha akatazama mlangoni, ambako wageni wa kampuni ya simu walikuwa wanashuka kwenye magari, na lile neno likamponyoka.

"Sikiliza. Sikuwa najua. Pole sana, kweli kabisa. Lakini iko radio tu, haina sura. Nani atamujua?"

"Jina liko pale kwenye kona! Umeliosha mwenyewe mpaka likang'aa!"

"Basi tutaweka kikaratasi juu ya jina."

"Na kifua utakiwekea nini?"

"Nura, tafazali. Televisheni iko hapa. Tutaandika jina ya baba yako chini ya kila sanduku, herufi kubwa, na kwa fonti yenyewe. Wageni wakienda, nakupa radio yako saa hiyo hiyo."

"Baba yangu yuko njiani. Anakuja amevaa kanzu. We ndiye uliyemwita."

Maxime akasema ndiyo, ndiyo, atamwelezea yeye mwenyewe, mzee ataelewa, wazee ni watu wa kuelewa. Akaenda kuwapokea wageni wake.

Nura alitafuta namna ya kulifungua lile sanduku. Kioo kilikuwa kimekazwa kwa skrubu pande zote. Alimwomba fundi wa taa bisibisi, fundi akasema hana ruhusa. Alimwomba mlinzi, mlinzi akasema hajui. Alifuata waya ukutani ili auchomoe, ukawa umeingia chini ya jukwaa, na jukwaa limepigiliwa. Kila aliyemwomba alikuwa na adabu, kila mmoja alimwambia pole, na taa ikaendelea kuwaka kifuani mwa mama yake. Pole! Mji mzima unajua kusema pole, na hakuna mwenye bisibisi.

Basi akafungua kilemba chake. Mbele ya watu wote wale, mwanamke ambaye hata muuza mkaa hajawahi kuona nywele zake, alikivua kitambaa kichwani, akakikunjua, akakirusha juu ya sanduku, akakibana kwa mikono miwili pembeni. Taa ikawa ya kijani. Mbavu zikajificha. Nura akasimama pale, mgongo kwa ukuta, nywele wazi, machozi yanamshuka, na hakuna mkono wa kuyafuta kwa sababu yote miwili ilikuwa imemshika mama.

Ukumbi ukaingia baridi. Mkuu wa kampuni ya simu akanong'ona kitu sikioni mwa Maxime, na Maxime akapanda jukwaani tena. Sasa furaha haikuwepo usoni.

"Ondoa kitambaa."

"Apana."

"Nura, unaharibu kazi yako mwenyewe. Hiyo fonti we ndiye ulichora. Ondoa hiyo kitambaa, kamera inaanza."

"Kamera ianze kwako."

Maxime akakishika kilemba kwa upande mmoja, akavuta. Hariri haina ubishi, inateleza tu. Kikaanguka chini, taa nyeupe ikarudi, na Ghanima akawa wazi tena mbele ya ukumbi mzima. Ilikuwa saa hiyo hiyo Mzee Mohamadi alipoingia mlangoni, kanzu imenyooka, koti la Sleiman limempwaya mabegani, anatafuta kwa macho kiti alichoambiwa amewekewa.

Alimwona bintiye kwanza, nywele wazi, na uso wake ukauliza. Kisha akaona kilichokuwa nyuma ya bintiye.

Hakupiga kelele. Nura alitamani apige kelele, angejua la kufanya. Mzee alitembea katikati ya viti, polepole, watu wanampisha bila kujua kwa nini, akapanda jukwaani. Akasoma jina kwenye kona. Midomo yake ililifuata herufi kwa herufi, yeye aliyeandika majina ya watu maisha yake yote. Akavua koti akaliinua juu ya sanduku, lakini mikono ile ile iliyoshindwa kushika wembe ikashindwa kulishikilia. Maxime akaanza, "Muzee wangu, karibu sana, acha nikuelezee," na mzee hakugeuza hata shingo.

"Nura," alisema. "Nipe mama yako."

Nura alikuwa ameomba bisibisi kwa kila mtu. Hakuomba tena. Alishika nguzo ya maikrofoni, ile ya chuma yenye kitako kizito, akaipindua, akakipiga kioo kwa kitako. Maikrofoni ilikuwa wazi, na mshindo ukapita kwenye vipaza sauti mpaka kule ziwani. Akapiga tena. Kioo kikamwagika chote miguuni mwa Maxime, ambaye aliruka nyuma. Mlinzi akasogea hatua moja, akamtazama mzee, akasimama.

Nura akaibandua radio taratibu, asiikwaruze. Akampa baba yake. Mzee akaifunika kwa koti, akaikumbatia kwa kifua, akamngoja bintiye aokote kilemba chake na kujifunga. Alimngoja mpaka akamaliza vizuri, pini na yote. Kisha wakatoka, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kuwafungulia mlango wala kuwafungia.

Nje, kwenye maegesho ya magari, walisikia viatu vya kike vinakimbia. Alikuwa Bella, yule aliyeziosha. Alikuwa amezifungua nyingine zote, sijui kwa bisibisi ya nani, maana kumbe ilikuwepo, na amezifunga ndani ya kitambaa cha meza cha hoteli. Mikono yake ilikuwa bado na mabaka mekundu ya esansi.

"Papa, nilisugua mi mwenyewe," alisema. "Jina yake nililiona. Nilifikiri ni jina ya munganga wa hospitali."

Mzee Mohamadi akapokea mzigo. "Sasa unajua," alimwambia, na hapakuwa na ukali ndani yake. Ukali wote alikuwa nao Nura, na hakuutoa kwa Bella wala kwa mtu yeyote njia nzima mpaka nyumbani. Aliukalia.

Hakurudi kwa Maxime. Maxime alipiga simu, akatuma ujumbe wa kuomba radhi, kisha ujumbe wa kukasirika kuhusu kioo, kisha tena wa kuomba radhi. Nura hakujibu hata mmoja. Afishi zilibaki pale pale. Alipopita Ngagara aliinua macho akaona A, kubwa, nene, mkono wa baba yake na mkono wake mwenyewe, inauza vifurushi vya simu, na hasira ikampanda upya kana kwamba kioo ndiyo kwanza kinavunjika. Wanasema hasira hupoa. Ya Nura ilikuwa haijasikia habari hizo.

Siku chache baadaye akaja Consolate, mama wa Kanyosha anayefungua duka la unga. Alitaka kibao chekundu, kionekane kutoka barabara kuu. Mzee Mohamadi akalaza bati uani, akapanga radio zake kando, safi, nyeusi, zinang'aa kwa jua, mbavu na mabega ya mtaa mzima. Akaanza kulipaka jina la duka. Mikono ilikuwa imetulia, kukata ndiko kulikomshinda, brashi bado alikuwa anaiweza. Ilipofika zamu ya A, Nura akamwahi, akaweka kiganja juu yake.

"Baba, hii apana. Nitakukatia nyingine, leo leo. Hii tuifunge kwenye kitambaa, tuiweke kabatini, asiione mtu tena."

"Kabatini atafanya nini?"

"Walimwaibisha, baba."

"Wenye aibu ni wale. Yeye amekosa nini?" Mzee akauondoa mkono wa bintiye kwa upole, akailaza radio juu ya bati, akaisogeza mpaka ikakaa sawa na mstari. "Mama yako aliomba kazi, Nura. Hakuomba kutazamwa."

Akachovya brashi, akapitisha. Rangi nyekundu ilifunika kona yenye jina kwanza, kisha mbavu za kushoto, kisha za kulia, kisha kile kivuli, na mzee hakuharakisha hata kidogo. Alipoiinua radio, kwenye bati ilibaki A, nene na mbichi, na Ghanima alikuwa amevaa.